Bei Inapanda Haraka Kuliko Ukuta

Machi 4, Jumatatu

Kuanzia leo mimi ndiye msimamizi wa ujenzi. Cheo sikukiomba. Nimepewa na Mama mbele ya mashahidi wawili: mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anapiga mswaki, na fundi, aliyekuwa anatafuta pa kutundika shati lake. Mama alisema, "Wewe shule imekushinda, basi angalau simama pale uangalie mifuko ya saruji isiote miguu." Nimesimama. Nasimama vizuri kuliko watu wengi waliomaliza kidato cha nne.

Nyumba ina vyumba vinne na kuta zimefika juu ya madirisha, zikakwama. Kila tofali lililoko pale Mama amelishona. Sare za shule, kola kwa kola, miaka tisa cherehani ikiunguruma mpaka watu wa mtaani wakadhani tuna mashine ya kusaga. Kilichobaki ni lenta, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na kuzifunga kuta zote pamoja, halafu matofali kidogo, halafu bati. Basi.

Mwenye nyumba tunayopanga ametupa mpaka mwisho wa Mei tumwachie chumba chake. Mwanawe anaoa, na bibi harusi amekataa kulala nyumba moja na mama mkwe. Simlaumu. Mimi nimekaa ukuta mmoja na huyo mama mkwe, najua anavyokohoa kwa makusudi.

Kwa hiyo bati liwe juu kabla Mei haijaisha, au tunahamia chini ya mawingu. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Machi 5, Jumanne

Fundi hakuja. Kasema kesho.

Machi 6, Jumatano

Fundi kaja jua likiwa limeshakomaa, kaweka matofali ya kuhesabu kwa vidole, kaondoka. Nilipomuuliza mengine lini, akasema kesho. Nimempa jina. Ni Fundi Kesho mpaka kaburini, na hata huko ataambiwa aingie leo aseme kesho.

Machi 9, Jumamosi

Mjomba ametutembelea. Huyu ni mdogo wake Mama, wa pekee, na anafanya kazi ofisi ile inayotoa vibali vya ujenzi. Kazi yake ni kugonga muhuri. Kwa kuwa amegonga muhuri juu ya michoro ya watu kwa miaka mingi, sasa anaamini ni yeye aliyeichora. Ana kofia ngumu ya manjano. Aliivaa kuanzia kwenye kona ya barabara, ingawa hapa kitu pekee kinachoweza kumwangukia kichwani ni kinyesi cha ndege.

Yeye ananiita mjomba, mimi namwita mjomba, ndivyo ilivyo. Ila mjomba mjinga ni mmoja.

Alizunguka kuta mikono nyuma. Akasimama mbele, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuletewa mgonjwa.

"Dada, hii nyumba haina uso."

"Ina mlango," Mama akasema.

"Mlango kila mtu anao. Weka baraza, weka nguzo nne mbele. Nyumba bila nguzo ni banda la kuku."

"Hizo nguzo zitabeba nini?"

"Zitabeba heshima."

Fundi Kesho, ambaye hulipwa kwa kila anachojenga hata kikiwa cha kipuuzi, akasema, "Mzee kanena." Nikacheka. Mama akanikata jicho.

Sasa tazama. Mama huyuhuyu anaweza kubishana na mteja asubuhi nzima kwa ajili ya kifungo kimoja. Lakini mdogo wake akivaa kofia anayeyuka kama sukari kwenye chai, kwa sababu ndiye msomi wa ukoo na ndiye aliyemtafutia kibali. Jioni nondo za nguzo nne zimeshanunuliwa. Nyumba haijafunikwa, lakini imeshapewa heshima.

Machi 13, Jumatano

Nimetumwa dukani kununua misumari. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi namwita Dola, kwa sababu ukimuuliza chochote jibu lake ni moja.

"Misumari imepanda."

"Kwa nini?"

"Dola imepanda, kijana."

"Na mchanga? Mchanga nao unatoka ng'ambo?"

"Mchanga unaletwa na lori. Lori linakunywa mafuta. Mafuta yananunuliwa kwa dola."

"Na kodi ya duka lako?"

"Mwenye duka naye anajenga. Ananunua mchanga."

Kumbe hata usingizi wa huyu mtu umefungwa kwenye soko la dunia. Nikamwonyesha misumari yenyewe. Imeota kutu palepale kwenye kopo tangu nikiwa darasa la sita, mimi mwenyewe niliwahi kuiiba nikatengenezea kigari. Nikamwambia, "Hii uliinunua wakati dola bado inatambaa. Inapandaje?"

Hakukasirika. Alijikuna sikio kwa kalamu, akasema, "Nikikuuzia kwa bei ya zamani, nitanunua mingine kwa bei mpya. Mwishowe nitabaki na kopo."

Hoja ikasimama. Na yeye akaona imesimama. Ndicho kilichoniudhi zaidi. Mtu mwenye tumbo lile hana haki ya kuwa na hoja.

Machi 18, Jumatatu

Leo nimeelewa jinsi wakubwa wanavyojenga, na ninaandika hapa ili siku moja mtu aje anipe cheti.

Fundi Kesho akitaka mifuko tisa ya saruji husema kumi na mbili. Anajua mwenye mali atapunguza. Mjomba akisikia kumi na mbili anasema sita. Anajua fundi ameongeza. Wanavutana, wanakutana kwenye minane, wanapeana mikono na kila mmoja anaondoka akicheka moyoni kwamba amemweza mwenzake. Halafu kazi inafanywa kwa mifuko minane wakati inataka tisa. Ukuta unapasuka, unabomolewa, unajengwa upya kwa mifuko mingine tisa, na wote wawili wanasimama mbele yake wakisema, "Siku hizi ujenzi ni ghali."

Ukuta wa chumba cha nyuma ndivyo ulivyofanywa. Leo wameubomoa, wameanza upya. Nilipowaambia niliyoyaandika hapa, Mjomba akasema mimi sijui mambo ya kitaalamu. Fundi Kesho akasema, "Bosi mdogo, ukubwa ni dawa." Hiyo dawa yao inaua.

Machi 19, Jumanne

Mjomba amekuja mbio, amesahau hata kuvaa kofia. Kaigiza sauti ya chini kama anauza bangi.

"Dada, nina habari za ndani. Wiki ijayo saruji inapanda. Nunua yote leo."

"Yote ipi? Lenta inataka mifuko michache tu."

"Ya lenta, ya sakafu, ya lipu. Ikizidi tunaiuza ikishapanda. Faida peke yake inakununulia bati, na chenji unabaki nayo."

"Pesa niliyonayo ni ya bati."

"Ndiyo hiyo! Pesa ya bati imekaa tu chini ya godoro. Inalala. Iamshe ikafanye kazi."

Mama akawa anaokota nyuzi kwenye gauni lake moja moja. Mimi nikasema, "Mama, usimsikilize, huyu habari zake za ndani anazitoa kwenye foleni ya chai." Mama akaniambia niende nikakodi mkokoteni.

Tulipofika kwa Dola tukakuta watu wamejaa hadi barabarani. Kila mmoja ana mjomba wake. Kila mjomba ana habari za ndani. Wanawake wamekunja vitenge, wazee wamekumbatia pochi, wote wanagombea saruji kama maji ya kisima kilichokauka. Dola alitazama umati, akaingia ndani, akatoka na bei mpya. Haikungoja wiki ijayo. Tulikuwa tunaikimbia bei, tukaikuta imetangulia kufika, kwa sababu sote tulipita njia moja.

Na tukanunua. Mifuko sitini.

Nimeipanga mwenyewe kwenye chumba cha mbele, na kwa hili sitaki unyenyekevu. Nilitandika matofali, juu ya matofali nikalaza mbao nene, juu ya mbao ndiyo mifuko, mbali na ukuta, juu yake turubai. Hata kinyonga mwenye koti la mvua asingekaa vizuri namna ile.

Machi 27, Jumatano

Mvua.

Machi 28, Alhamisi

Mvua. Fundi Kesho kasema mvua ikiisha. Sasa ana mwenzake wa kumsingizia.

Aprili 2, Jumanne

Saruji imepanda. Kweli imepanda.

Mjomba amekuja na kofia yake, amekaa kwenye kiti cha Mama cha cherehani na kukizungusha kama mtoto. "Nilisema nini? Mjomba, nilisema nini?" Nikamwambia hata saa iliyokufa husema kweli mara mbili kwa siku. Mama akacheka, akajaribu kuficha kwa kikohozi. Muda mrefu sijamsikia akicheka, kwa hiyo siku ya leo naisamehe.

Nikashauri tuuze mara moja, tununue bati. Mjomba akaniangalia kwa huruma. "Usiuze kitu kinachopanda. Ngoja ipande tena." Mwanamume huyu amevuna embe bichi, anataka limwivie mfukoni.

Aprili 8, Jumatatu

Nimeshinda machimboni leo kusubiri lori la kokoto. Dereva alisema anakuja, na alikuwa anakuja, ila alikuwa anakuja kwa wateja wanne kwa wakati mmoja, na mwenye kuongeza ndiye aliyepata. Nikaongeza. Bado nasikia aibu.

Kabla sijaondoka asubuhi kulikuwa na mzozo wa mbao. Zege la lenta haliwezi kuelea hewani, lazima lifungiwe mbao kama sanduku mpaka likauke. Huwa tunakodi. Sasa kila mtu aliyenunua saruji siku ile anamwaga lenta yake wiki hii, na kodi ya mbao imekuwa maradufu. Mjomba akasema, "Kukodi kwa bei hiyo ni kuibiwa huku unashukuru. Tusitoe hata senti." Akaenda zake kazini kugonga mihuri. Nikajua lenta imekwama.

Nimerudi jioni nimelowa, nakuta masanduku ya mbao yameshafungwa ukuta mzima, safi, yamekazwa misumari.

"Mbao umetoa wapi?" nikamuuliza Fundi Kesho.

"Zimepatikana."

Fundi Kesho kufanya kitu leo, tena bila kusukumwa! Sikutaka kuharibu muujiza kwa maswali. Nikaenda kulala.

Aprili 11, Alhamisi

Tumemwaga lenta. Nimefanya kazi ya wanaume watatu na hakuna aliyesema asante. Nilikuwa juu ya ukuta napokea karai za zege, vibarua wako chini wanavuta mifuko na kuchanganya, Mama anapita na ndoo ya maji ya kunywa. Tulipofika kona ya mwisho jua likatoka, zege likang'aa mbichi kuizunguka nyumba yote kama mkanda wa suruali mpya. Mama alisimama katikati ya chumba kisicho na kitu akageuka polepole, akikitazama pande zote nne. Sikumtania.

Fundi anasema mbao zisiguswe wiki mbili. Turubai liko mahali pake, juu kavu kabisa.

Aprili 14, Jumapili

Mvua usiku na mchana. Mke wa mwenye nyumba ameingia chumbani kwetu bila hodi, amepima dirisha kwa mikono, kajisemea, "Pazia la mita mbili litatosha." Sisi tuko ndani, tunakula. Mdogo wangu akamuuliza kama atupime na sisi. Amenizidi yule mtoto.

Aprili 17, Jumatano

Mvua. Mama anashona mpaka sindano inavunjika. Muhula umeanza, sare hazinunuliwi tena. Kila kitu chetu sasa kiko chini ya turubai.

Aprili 20, Jumamosi

Nilitaka kuandika usiku lakini mkono ulikataa. Naandika Jumapili asubuhi, mambo ya jana.

Saruji ilikuwa imepanda tena, na Mjomba akasema sasa ndiyo sasa. Kaja na mnunuzi, mzee mmoja mwenye viatu vya mpira na watu wake wawili wa kubeba. Mjomba kavaa kofia, kavaa na tai. Fundi Kesho alikuwepo. Mama alikuwa amefunga kitambaa kipya, amesimama mlangoni, maana hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kupata bati.

Nikavuta turubai kwa mbwembwe kama mchawi wa sarakasi. Mstari wa juu, safi. Mbebaji akainua mfuko wa kwanza, laini. Wa pili, laini. Akaja mstari wa katikati, akainua, mfuko ukatoka mzima bila kupinda kiuno, kama amebeba jiwe la kaburi. Yule mzee akausogelea, akaugonga kwa vifundo vya vidole. Ko, ko, ko.

"Mama," akasema, taratibu kabisa, "mnauza saruji au mnauza mawe?"

Wakaendelea kuinua. Kila wanavyoshuka chini ndivyo mifuko ilivyokuwa migumu zaidi. Ya mwisho kabisa ilikuwa imeshikana na sakafu ya udongo, na udongo wenyewe unatoa maji ukiukanyaga. Hakukuwa na mbao. Hakukuwa na matofali. Mifuko yangu niliyoilaza kitandani ilikuwa imelala kwenye tope, ikinywa maji kutoka chini kwa siku kumi na mbili, huku turubai likiwa kavu juu linatucheka.

Mnunuzi alichukua ile michache iliyo hai, akamlipa Mama, akamwambia pole kwa sauti ya msibani. Akaondoka na watu wake.

Nami nikamgeukia Mjomba.

Sitayaandika yote, mdogo wangu anajua kusoma. Nilimwambia kofia ile inalinda chumba kitupu. Nilimwambia kwamba amegonga mihuri maisha yake yote kwa sababu hicho ndicho kitu pekee duniani kinachoendeshwa kwa kupigwa kichwani. Nilimwambia amekula bati la dada yake, ameyala mabati mazima bila maji. "Habari za ndani! Ndani ya nini? Nani alitoa mbao zangu? Ulikataa kukodi, ukatoa hizi, si ndiyo? Sema!"

Mjomba hakunitazama. Alikuwa anahesabu mifuko migumu kwa kidole. Fundi Kesho alikuwa anasafisha mwiko uliokuwa safi tayari.

"Ni mimi," Mama akasema.

Nikadhani sikusikia.

"Ni mimi niliyezitoa. Uliposafiri kwenda machimboni. Mbao za kukodi zilikuwa ghali, nikamwambia fundi hizi zimelala bure chini ya mifuko. Tukaishusha pamoja. Nilijua ni siku mbili tatu." Akakaza kitambaa chake. "Halafu ikawa zile mbao ziko juu zimeshika lenta, haziwezi kutoka. Nikasema turubai lipo."

Kila nilichokuwa nimemwambia Mjomba kilikuwa bado kinaning'inia hewani, na sasa kilikuwa hakina pa kutua ila kichwani kwa Mama. Nilikuwa nimebakiza matusi mawili mazuri kuliko yote. Nikayameza. Yana kona.

Hapo ndipo Mjomba akavua kofia. Sikuwahi kumtazama kichwa vizuri. Ana upara mdogo, wa duara, kama alama ya muhuri.

"Dada, mbao nilikataa mimi," akasema. "Na pesa ya bati niliiamsha mimi. Wewe uliokoa ulichoweza."

Mama aliinama akaanza kupangusa tope kwenye mfuko mmoja mgumu kwa pindo la kitambaa chake kipya, akaupangusa mpaka maandishi yakaonekana vizuri, kana kwamba ukiwa msafi utalainika.

Aprili 21, Jumapili

Hakuna anayeongea. Hata mke wa mwenye nyumba amekohoa mara moja tu.

Aprili 23, Jumanne

Nimefikiri siku mbili mfululizo, kichwa kinauma, sasa naelewa kwa nini watu wengi hawajaribu.

Nimemwambia Mama hivi: nyumba ya vyumba vinne imetushinda, ya vyumba viwili haijatushinda. Tufunike viwili vya nyuma. Vya mbele vibaki wazi, tutaanikia nguo. Ile mifuko migumu ivunjwevunjwe kwa nyundo, ijaze sakafu badala ya mawe ya kununua. Na bati la vyumba viwili litoke kwenye nondo za nguzo, ambazo ziko pale zimelala, zinauzika.

"Nguzo ni za mjomba wako," Mama akasema.

"Nguzo ni za upepo, Mama."

"Nenda kamwambie mwenyewe. Na kwanza umwombe radhi."

Afadhali angenituma machimboni.

Aprili 24, Jumatano

Nilikwenda ofisini kwake. Chumba chenyewe ni kidogo, meza yake iko nyuma ya mlango, kila mtu akiingia mlango unampiga kiwiko. Kuna vijana wadogo kuliko mimi wanamwita kwa kupiga vidole. Nilidhani ana kiti cha kuzunguka.

Nikasema, "Mjomba, yale maneno ya juzi..."

"Yapi?"

"Ya kofia."

"Ile ya kupigwa kichwani ilikuwa nzuri," akasema. "Nimewasimulia hapa. Hawakucheka."

Basi tukayaacha hapo. Nikamweleza habari ya nondo. Akagonga muhuri kwenye karatasi tupu, akautazama ulivyotoka. "Hazikuwa na kitu cha kubeba," akasema mwisho. Bado namwona ni mtu wa ovyo. Ila sasa ni mtu wetu wa ovyo.

Aprili 27, Jumamosi

Mjomba kaja bila kofia, bila tai, tukabeba nondo begani yeye mbele mimi nyuma mpaka kwa Dola. Njiani watu wanasimama. Mjomba hakuwatazama.

Dola akazipima kwa macho. "Hizi ni za mitumba. Nitawapa nusu ya bei mliyonunulia."

Nikaegemea kaunta. Siku hii nilikuwa naingoja bila kujua. "Mzee, dola imepanda."

"Hizi nilikuuzia Machi!"

"Na sasa ni Aprili. Ukizichukua kwa bei ya zamani, sisi tutanunua nini kwa bei mpya? Tutabaki na kopo."

"Kijana, usinichezee."

"Mafuta, Mzee. Tumezibeba begani. Sisi tunakula chakula, chakula kinaletwa na lori."

Mjomba akageukia ukutani, mabega yanamtetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Dola akanitazama muda mrefu kama mtu anayejiona kwenye kioo kibovu, halafu akafungua droo. Hakutoa bei ya leo, mimi si mwongo. Lakini alitoa zaidi ya tuliyonunulia, kwa vyuma vilivyokaa kwenye mvua bila kufanya kazi yoyote. Ulimwengu wenyewe una wazimu, mimi nimeukuta hivyo.

Mei 3, Ijumaa

Tunavunja saruji. Ngumu kweli. Laiti kuta zingekuwa ngumu hivi.

Mei 9, Alhamisi

Fundi Kesho kasema kesho. Mama akamwambia, "Leo." Neno moja tu. Akapanda juu. Mwezi wa tatu wote mimi nilikuwa natumia maneno mengi mno.

Mei 16, Alhamisi

Mbao za paa ziko juu. Bati zimepanda tena wiki hii, tumekosa nne. Mjomba kaleta nne kuukuu, zina matobo ya misumari, kasema asiulizwe. Nimeziba matobo kwa lami. Hakuna chenji iliyobaki, wala faida, wala habari za ndani.

Mei 26, Jumapili

Tumehama. Mvua ilitukuta tunaingiza cherehani. Ndani hakuvuja, isipokuwa kona moja, na hapo Mama ameweka sufuria na kusema hiyo kona ilikuwa ya sufuria tangu mwanzo. Mbele, vyumba viwili havina kichwa na vimejaa maji. Mdogo wangu anawaambia watu tuna bwawa.

Mke wa mwenye nyumba alitusindikiza mpaka njiani akitupa pole. Ametushika mikono kwa huruma nyingi, hasa mimi. Nimenawa.

Mei 29, Jumatano

Kiwanja cha jirani kimepata mwenyewe. Leo amekuja na mkewe mjamzito, kijana mwenye kamba ya kupimia shingoni, uso umejaa matumaini mpaka mtu amsikitikie. Tulikuwa wote nje: Mama, Mjomba, Fundi Kesho aliyekuja kudai kilichobaki, na mimi.

Akasalimia vizuri, shikamoo kwa kila anayestahili na mimi akiniruka. Akatazama paa letu. "Mama, samahani, nami nataka kuanza. Lenta na bati, mpaka hapo mlipofika, imewagharimu kama kiasi gani?"

Mama akamtazama kijana. Akatazama vyumba vya mbele vilivyo wazi, na sakafu ambayo chini yake kuna mifuko yake iliyosagwa. Niliona kidevu chake kikiinuka. Akataja kiasi. Kwa kiasi hicho mtu angejenga vyumba vinne na nguzo nne na kanisa dogo.

Mjomba akakohoa. "Bila kuhesabu usafiri," akaongeza.

Fundi Kesho hakutaka kuachwa nyuma. "Na ufundi, hapo hajaweka. Ufundi siku hizi ni kitu kingine."

Kijana akageuka rangi. Akaniangalia mimi, labda kwa sababu tunalingana umri, labda alidhani uso wangu ni wa mtu anayesema kweli. Mama naye akaniangalia. Ningeweza kumweleza yote, yeye na mkewe, pale pale, kwa dakika chache. Maneno ninayo, tena mazuri.

"Hiyo ilikuwa bei ya mwezi uliopita," nikasema.

Akashukuru kwa dhati. Akamkabidhi mkewe kamba ya kupimia, akamwacha amesimama palepale, akaelekea dukani kwa Dola nusu anatembea nusu anakimbia, aiwahi bei kabla haijapanda.